Wangila: Mcheza Kwao Aliyekosa Kutunzwa

Wahenga waliponena kwamba mcheza kwao hutunzwa, walikuwa wakiizungumzia ngoma. Mchezaji hodari aliingia uwanjani, akacheza kwa madaha, na watu wa kwao wakamwendea kumtia fedha mkononi au kumtupia kanga mabegani. Kitenzi walichokitumia kina maana mbili. Kutunza ni kumpa mtu tuzo kwa jambo alilolifanya vyema; kutunza pia ni kumlea mtu, kumhifadhi na kumwangalia asiharibikiwe. Sisi Wakenya ni mahodari wa maana ya kwanza. Twajua kuwalaki mashujaa katika uwanja wa ndege, kuwavika mashada, kuwanywesha maziwa ya kibuyu na kusongamana tupigwe nao picha. Maana ya pili ndiyo iliyotushinda, na ushahidi wangu hii leo ni maisha ya bondia Robert Wangila Napunyi.

Wangila alizaliwa jijini Nairobi mwezi Septemba 1967, akafa katika mji wa Las Vegas, Marekani, tarehe 24 Julai 1994. Hakufikisha umri wa miaka 27. Katika muda huo mfupi alitimiza jambo ambalo Mkenya mwingine yeyote hajalitimiza hata sasa. Dhahabu zote ambazo taifa hili limepata kutwaa katika Michezo ya Olimpiki, kuanzia zile za mwanzo hadi zilizopatikana Paris mwaka 2024, zimetokana na riadha, isipokuwa moja tu. Hiyo moja ni ya Wangila. Aliipata mjini Seoul mwaka 1988 katika ndondi za uzani wa welta, alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani kwa nokauti katika raundi ya pili ya fainali. Kabla yake hapakuwa na bondia Mwafrika mweusi aliyewahi kuipa nchi ya Afrika dhahabu ya Olimpiki.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo. Hatukuwa na televisheni mtaani kwetu, ila redio ya jirani ilitutosha. Jioni tulijifunga matambara mikononi tukachora mraba mchangani, na kila mmoja wetu alitaka kuwa Wangila. Kazi ilikuwa kumpata wa kuwa Mfaransa. Nakumbuka kwamba kwa wiki kadhaa watu wazima waliokuwa wakituzuia kupigana walisimama kututazama, tena wakitushauri namna ya kuinua mkono wa kushoto.

Wapo wanaoipunguza thamani ya ushindi ule. Husema kwamba Kuba, dola kuu la ndondi za ridhaa, ilisusia michezo ya Seoul, kwa hivyo njia ilikuwa nyeupe. Ni kweli kwamba Kuba haikuwapo. Lakini anayetaka kuipima dhahabu ya Wangila asitazame tu nani hakufika. Amtazame pia aliyefika na kilichompata. Boudouani, aliyelala chini katika raundi ya pili kule Seoul, aliendelea na mchezo wake akawa bingwa wa dunia wa chama cha WBA mwaka 1996, akaushikilia ubingwa huo hadi mwaka 1999. Wangila hakushinda mtu dhaifu. Na hapa ndipo swali linalonikera linapozaliwa: imekuwaje aliyeshindwa akaishi hadi akavishwa mkanda wa dunia, na aliyeshinda akawa kaburini miaka miwili kabla ya siku hiyo?

Mtu asinielewe vibaya. Sidai kwamba Ufaransa huwakinga mabondia wake dhidi ya mauti, wala sidai kwamba Kenya ilimuua Wangila. Ndondi ni mchezo wa hatari kila mahali. Ninachodai ni kwamba hatari hiyo haigawanywi sawa kati ya mabondia, na kwamba tofauti hiyo huanza mbali sana na ulingo.

Taaluma yangu ni isimu, na mwanaisimu huwa na ada ya kuanza na maneno. Kiswahili kimeyagawa masumbwi mafungu mawili: ndondi za ridhaa na ndondi za kulipwa. Aghalabu twayatamka majina hayo bila kuyafikiri. Ridhaa ni kukubali kwa moyo mkunjufu, bila shuruti. Bondia wa ridhaa basi ni yule aliyeingia mchezoni kwa kupenda mwenyewe. Kulipwa, kwa upande wa pili, ni kitenzi cha kauli ya kutendwa: yuko mwingine anayelipa, na bondia ndiye anayetendewa. Majina hayo hayataji hatua ya tatu iliyo kati ya hizo mbili, ile hatua ambayo mtu huacha ridhaa kwa sababu haimlishi, akaingia katika malipo kwa sababu hana pengine pa kwenda. Je, huyo ameridhia?

Wangila alipitia hatua hiyo. Mwaka 1987, Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa Michezo ya Afrika, alinyakua dhahabu mbele ya watu wa kwao. Mwaka uliofuata akaja na ya Seoul. Alikuwa na umri wa miaka 21 na kilele cha ndondi za ridhaa kilikuwa tayari chini ya miguu yake. Mwanariadha aliyerudi kutoka Seoul na nishani aliweza kualikwa katika mashindano ya Ulaya, akakimbia dakika chache, akalipwa, akarudi kwao kulima. Bondia hana mashindano ya namna hiyo. Njia yake ya riziki ilikuwa moja: ndondi za kulipwa, ambazo fedha zake ziko ng'ambo. Mwaka 1989 Wangila akaingia katika njia hiyo, na ikamfikisha Marekani.

Huko aliyakuta mambo ambayo dhahabu haikuwa imemwandalia. Ndondi za Olimpiki za wakati ule zilikuwa raundi tatu za dakika tatu tatu, yaani dakika tisa kwa jumla, na wapiganaji walivaa kofia za kinga. Ndondi za kulipwa hazina kofia, na pambano kubwa huenda raundi kumi au kumi na mbili. Ni mchezo mwingine ingawa jina ni lile lile. Bondia wa ridhaa hutafuta pointi. Bondia wa kulipwa hufundishwa kuvumilia mapigo ili apate nafasi ya kupiga. Tena Wangila alikuwa mpiganaji wa kusonga mbele, si wa kukwepa. Sifa iliyompatia dhahabu katika dakika tisa ilikuwa sifa ya hatari katika dakika thelathini. Alishinda mapambano mengi kuliko aliyoshindwa, lakini mkanda mkubwa wa dunia hakuupata.

Tarehe 22 Julai 1994 alipanda ulingoni Las Vegas kupigana na David Gonzalez. Mwamuzi alilisimamisha pambano katika raundi ya tisa. Wangila alikuwa amekwisha kupigana kwa zaidi ya dakika 24, karibu mara tatu ya muda wote wa pambano kamili la Olimpiki. Alikuwa bado amesimama, naye akalalamika kwamba mwamuzi ameharakisha. Haukupita muda mrefu akapoteza fahamu akiwa katika chumba cha kubadilishia nguo. Baada ya siku mbili akafariki kutokana na majeraha ya kichwa.

Kule kulalamika kwake ndiko kunakonirudia kila nifikiriapo habari hii. Madaktari wanaeleza kwamba ubongo umekaa ndani ya fuvu mfano wa kiini cha yai ndani ya ganda. Kichwa kinapotikiswa kwa kishindo, mishipa midogo iliyo kati ya ubongo na utando wake huweza kukatika. Damu huvuja polepole, hujikusanya, kisha huukandamiza ubongo. Katika kipindi hicho mtu huweza kusimama, kuzungumza, hata kubisha, ilhali mauti yamekwisha kuingia ndani. Ndiyo kusema kwamba bondia ndiye mtu wa mwisho anayefaa kuulizwa kama anaweza kuendelea. Ridhaa yake wakati huo si ridhaa. Lazima awepo mwingine anayemtazama kwa jicho lisilokuwa na tamaa ya kiingilio wala ya mkanda.

Dunia ya ndondi imejifunza hayo kwa gharama ya roho za watu. Mwaka 1982 Mkorea Duk Koo Kim alifariki baada ya pambano la ubingwa dhidi ya Ray Mancini katika mji huo huo wa Las Vegas. Baada ya kifo chake mapambano ya ubingwa yalianza kupunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12. Mabadiliko yalikuja, lakini yalimngoja maiti kwanza. Swali tunalopaswa kujiuliza sisi ni hili: kifo cha Wangila kilibadilisha nini hapa kwetu?

Kwa maoni yangu, kilibadilisha machache mno. Hebu tuitazame historia. Ndondi zimeiletea Kenya nishani saba za Olimpiki. Philip Waruinge alianza kwa shaba ya mwaka 1968 huko Mexico, ambako alitunukiwa pia kombe la Val Barker kwa ustadi uliowapita mabondia wote wa michezo ile, wenye dhahabu wakiwamo. Mwaka 1972 mjini Munich aliongeza fedha, na wenzake Samuel Mbugua na Dick Murunga wakapata shaba. Kisha tukasusia michezo ya 1976 na 1980. Mwaka 1984 Ibrahim Bilali akaleta shaba kutoka Los Angeles. Mwaka 1988 ikawa dhahabu ya Wangila na shaba ya Chris Sande. Katikati ya hayo, mwaka 1978, Stephen Muchoki alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Belgrade.

Tangu hapo ni kimya. Katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, mabondia wetu wanne walitolewa kila mmoja katika pambano lake la kwanza. Katika michezo ya Paris mwaka 2024 hatukuwa na bondia hata mmoja. Taifa lililokuwa likiogopwa ulingoni limekuwa mtazamaji.

Baadhi ya watu huyatenga mambo haya mawili. Kifo cha Wangila wanakiita msiba wa mtu binafsi, na kudorora kwa ndondi wanakuita tatizo la uongozi wa chama. Mimi nayaona kuwa tawi na shina. Mabondia wa zamani walichipuka katika kumbi za jamii za mitaa kama Kaloleni, Muthurwa na Pumwani, na katika timu za polisi, magereza, jeshi na mashirika ya umma. Timu hizo zilimpa bondia kazi na mshahara. Hayo ndiyo matunzo ya maana ya pili, ingawa hatukuyaita hivyo. Bondia aliyekuwa na ajira aliweza kumwambia promota kwamba masharti yake hayafai. Ajira hizo zilipopungua, na kumbi zikaachwa zichakae, ridhaa ya kweli nayo ilipungua. Mzazi wa mtaani anayemwona bingwa wa jana akiomba nauli hatampeleka mwanawe ukumbini. Na msomaji hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano: Conjestina Achieng, aliyeifungulia wanawake njia ya ndondi za kulipwa katika nchi hii, alipougua tulimsikia katika habari za michango ya wahisani.

Kuna hoja inayotolewa mara kwa mara, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima. Husemwa kwamba Wangila alikuwa mtu mzima, hakuna aliyemshika mkono akampandisha ulingoni, na kwamba kila kazi ina hatari zake. Ni hoja nzito. Nisingependa kumvua mtu mzima haki ya kuchagua. Wala siungi mkono wale wanaotaka ndondi zipigwe marufuku kabisa. Sweden ilipiga marufuku ndondi za kulipwa mwaka 1970 na Norway mwaka 1981. Baada ya miongo kadhaa zote mbili zimeondoa marufuku hiyo, wakiona ni heri mchezo uwe chini ya kanuni kali kuliko mabondia kwenda kupigana kwingine. Lakini ridhaa ina masharti yake, jinsi wanasheria na masheikh wa ndoa wanavyojua. Mtu hawezi kuridhia jambo asilolielewa. Wala hawezi kuridhia ikiwa hana la kulikataa.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja bondia alinijia ofisini. Alikuwa ameambiwa kwamba yuko mwalimu wa lugha anayeweza kumsomea karatasi. Alinipa mkataba wa pambano la nje ya nchi, kurasa kumi na nne za Kiingereza cha mahakama. Akaniambia, "Mwalimu, nieleze tu kilichomo. Wao wamenionyesha pa kutia sahihi." Nilimsomea kifungu kwa kifungu. Tulipofika kwenye matibabu, nilimweleza kwamba promota atamgharimia daktari usiku wa pambano tu, na kwamba maradhi yoyote yatakayojitokeza baada ya usiku huo ni juu yake mwenyewe. Alinyamaza. Nikamshauri arudi akaombe kifungu kile kibadilishwe. Akacheka kidogo, si kwa dharau, akasema, "Nikikataa, mwalimu, wapo kumi nje wanaoingoja kalamu hii hii." Alinishukuru kwa adabu, akakunja karatasi zake. Baadaye nilisikia kwamba alitia sahihi.

Nimefundisha semantiki kwa miaka mingi, lakini maana ya neno ridhaa sijapata kuifundishwa kama nilivyofundishwa na kijana yule. Aliuelewa mkataba baada ya kuelezwa. Sharti la kwanza lilitimia. La pili halikutimia, kwa sababu hakuwa na la kulikataa. Na wangapi hawatimiziwi hata lile la kwanza? Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Haifai basi Mkenya auze kichwa chake kwa lugha anayofasiriwa na yule anayekinunua.

Sheria hatukosi. Sheria ya Michezo ilipitishwa mwaka 2013, robo karne baada ya Seoul, ikaleta asasi za kusimamia michezo na baraza la kuamua migogoro. Lakini sheria ni kama jamvi: halimfai mgeni mpaka litandikwe. Natoa mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji utajiri wa Marekani.

Kwanza, bondia yeyote asipewe leseni ya kulipwa bila kupimwa ubongo kwa mashine, na kipimo hicho kirudiwe kila mwaka na kila anapoangushwa. Rekodi yake ya afya imfuate aendako, hata ng'ambo, ili daktari wa ugenini asianze na ukurasa mtupu.

Pili, mkataba wowote wa pambano usiwe halali mpaka utolewe pia kwa Kiswahili, na bondia asomewe mbele ya mtu asiyekuwa na maslahi katika pambano hilo. Kifungu cha matibabu kisiishie usiku wa pambano. Damu ya ubongoni haina saa.

Tatu, iwekwe hazina ya mabondia, na sehemu ya kila kiingilio na kila haki ya matangazo iingie humo. Aliyeiletea nchi nishani awe na haki ya matibabu na ya malipo ya uzeeni, si kwa hisani ya mwanasiasa anayepita na wapiga picha wake, bali kwa haki anayoweza kuidai mahakamani.

Nne, kumbi za mitaa zifufuliwe, na idara za serikali zirudishe timu zao. Ndondi zimethibitishwa kuwamo katika michezo ya Los Angeles mwaka 2028. Tukianza kutafuta mabondia miezi sita kabla ya safari, tutapeleka watalii.

Nataka nimalizie kwa neno jingine moja la Kiswahili. Uwanja wa ndondi twauita ulingo. Kabla ya kuitwa hivyo, ulingo ulikuwa jukwaa la miti lililojengwa shambani, ambalo mwenye shamba alilipanda ili aamie ndege na nguruwe wasile mazao. Aliyekaa ulingoni hakuwa akitazamwa. Yeye ndiye aliyekuwa akitazama, na kazi yake ilikuwa kulinda kilichopandwa kwa jasho. Sisi tumeligeuza neno hilo. Tumempandisha kijana juu, tukakaa chini kumtazama, na hakuna aliyebaki kuamia.

Wangila alicheza kwao mwaka 1987, na mwaka 1988 alitupigia ngoma ambayo dunia nzima iliisikia. Tulimpa maana ya kwanza ya kutunzwa: shangwe, nderemo na jina ambalo bado twalitaja kila michezo ya Olimpiki inapokaribia. Yeye hatuwezi tena kumpa ile ya pili. Lakini yule kijana wa kurasa kumi na nne yungali hai, naye yuko mahali fulani jioni hii akipiga gunia la mchanga katika ukumbi usio na taa za kutosha. Deni la Wangila twaweza kumlipa yeye, kabla hajaanza kulalamikia mwamuzi.